Kompyuta ya maji: pesa ya wasikilizaji inunue kazi, si taa za rangi

BUNIA, Ituri – Katika studio ndogo za mashariki mwa Congo, kuna vijana wanaoota kompyuta yao ya kwanza inayopozwa kwa maji. Wameiona kwenye simu: kasha la kioo, mipira ya maji iliyopinda vizuri, feni zinazobadilisha rangi kama ukumbi wa harusi. Kuota si kosa. Lakini pale kompyuta hiyo inaponunuliwa kwa pesa ya redio ya jamii, kuna jambo linalopaswa kusemwa waziwazi, hata kama litawakasirisha wauzaji na baadhi ya wajumbe wa kamati.

Pesa ya redio ya jamii haina mwenyewe mmoja. Inatoka kwa mama anayeuza sombe sokoni, kwa kijana wa pikipiki, kwa mwalimu anayetoa franga zake kabla mshahara haujafika. Na wanaoihitaji zaidi redio hiyo mara nyingi hawana hata cha kuchanga. Ni familia zilizokimbia vijiji vya Djugu na Irumu, zinazoishi Kigonze na katika kambi nyingine, ambazo hungoja kusikia jina la mtoto aliyepotea, siku ya kugawa chakula, mahali pa chanjo, na barabara ipi haipitiki leo. Kompyuta ya studio ikizimika, watu hao ndio wa kwanza kubaki gizani.

Kwa hiyo swali la vipande gani vya kununua si mchezo wa vijana wanaopenda mashine. Ni swali la nani atasikika kesho asubuhi.

Tatizo lenyewe si maji. Kupoza kompyuta kwa maji ni ufundi mzuri, na kuna kazi zinazouhitaji. Tatizo ni mpangilio wa kuchagua. Watu wanaanza na kipoza, kisha kasha la kukionyesha, kisha prosesa kubwa ya kukipa kazi. Umeme na hifadhi ya sauti vinabaki mwisho, wakati pesa imekwisha. Huko ni kujenga paa kabla ya msingi.

Maji hayali joto

Muuzaji atamwambia kijana: “Yaya, hii ya maji haipati moto hata kidogo.” Huo ni uongo, na unaweza kubomolewa kwa maelezo mafupi.

Prosesa inapofanya kazi inatoa joto. Juu yake hukaa bamba la shaba lenye njia nyembamba ndani. Maji yanapita humo, yanabeba joto, pompa inayasukuma katika mipira hadi kwenye radiateri, ndugu ya ile ya gari. Feni zinapuliza hewa katikati ya mapezi ya radiateri na joto linatoka. Basi. Maji hayajalila joto. Yamelihamisha tu, na limebaki ndani ya chumba kilekile.

Kuna sheria moja ambayo hakuna bei inayoweza kuivunja: maji hayo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Studio yenye paa la bati, isiyo na dari, ikifika nyuzi 32 saa nane mchana, maji ya ndani ya kompyuta yatakuwa juu ya 32. Dirisha lenye wavu na dari ya mbao vinaweza kuisaidia mashine hiyo kuliko radiateri ya dola mia. Tena Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kila feni inabeba joto pungufu kidogo, iwe inapuliza maji au chuma kikavu.

Sasa kiasi cha joto chenyewe. Prosesa kama Ryzen 5 5600 imepangiwa kipimo cha wati 65. Kupunguza na kuunganisha sauti katika Audacity, programu isiyouzwa, hakuichoshi prosesa ya namna hiyo. Kipoza cha kawaida cha hewa, chenye mabomba ya shaba na feni moja ya milimita 120, kinatosha kabisa. Kwa upande mwingine kuna prosesa kama Core i9-13900K ambayo ikisukumwa hufika wati 253. Hiyo ndiyo mnyama anayetafuta maji. Lakini redio inayosoma habari, kurusha mahojiano na kupiga nyimbo inamfuga mnyama huyo kwa kazi gani?

Hata prosesa ikipata joto kupita kiasi, haiwaki moto kama wengi wanavyoogopeshwa. Inapofika karibu na nyuzi 90 hadi 100, kulingana na aina yake, inajipunguzia mwendo, na ikizidi inazima mashine. Hofu ya “itaungua bila maji” ni biashara ya hofu.

Kila wati ni dakika za redio

Hapa ndipo hesabu inapouma. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 100, ile inayoonekana kwenye mifumo mingi ya sola, ina saa-wati 1,200 kwa maandishi. Mtu anayetaka idumu hatumii zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta inayokula wati 100 itakaa juu ya nusu hiyo karibu saa 6. Kompyuta inayokula wati 300 itakaa saa 2. Na katika hesabu hiyo transmita bado haijaguswa, wala kile kinachopotea ndani ya inveta.

Kipoza cha maji hakipunguzi hata wati moja ya prosesa. Kinaongeza zake: pompa inakula kidogo, feni mbili au tatu zinakula kidogo, taa za rangi nazo zinakula. Kidogo na kidogo hujaza kibaba, na kidogo na kidogo humaliza betri. Kamati inayochagua mashine ya wati 300 kwa ajili ya sifa imeamua, hata bila kupiga kura, kukata saa 4 za matangazo siku umeme unapokosekana. Waende wakawaeleze wakimbizi uamuzi huo.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kununua ni onduleri nzuri, pamoja na kifaa cha kusawazisha umeme pale ambapo volti inapanda na kushuka. Umeme unapokatika ghafla, prosesa haidhuriki kwa kukosa kupozwa, maana joto nalo linakatika. Kinachoumia ni faili lililokuwa linaandikwa. Na umeme unaporudi kwa kishindo, kinachokufa ni kisanduku cha umeme na ubao mama, ambavyo maji hayavilindi kamwe.

Katika kununua onduleri, wanunuzi wajihadhari na kitu kimoja: VA si wati. Onduleri iliyoandikwa 1,000 VA mara nyingi hubeba wati 600 tu. Muuzaji anayekwepa kuonyesha namba ya wati ana sababu yake.

Sauti za watu zina uzito gani

Kitu cha pili ni hifadhi. Sauti ya ubora wa CD, isiyobanwa, inachukua karibu megabaiti 10 kwa dakika moja. Saa moja ni megabaiti 635 hivi. Diski ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya saa 1,500 za sauti. Huo ni ushuhuda wa wazee juu ya vijiji vilivyochomwa, ni majina ya waliozikwa njiani, ni mahojiano ya mama anayemtafuta mwanaye. Vitu hivyo vikipotea havinunuliki tena Kampala wala Dubai.

Basi ziwe diski tatu: moja ya SSD ndani ya kompyuta kwa kazi ya kila siku, mbili za nje kwa nakala, na moja kati ya hizo mbili isilale studio. Pesa ya radiateri ya feni tatu inaweza kulipia diski moja ya nje, na pengine ikabaki ya kununua mfuko wa kuibebea.

Baada ya hapo ndipo zije kumbukumbu za gigabaiti 16, kisanduku cha umeme cha wati 450 hadi 550 chenye jina linalojulikana na alama ya 80 Plus, na kasha lenye matundu mbele na vichujio vinavyotolewa kusafishwa. Kasha la kioo mbele linaziba pumzi ya mashine. Vumbi jekundu la Ituri linaingia hata ndani ya sanduku la nguo. Litaingia pia katika mapezi ya radiateri, ambayo ni membamba na yamebanana, na kuyaziba kama matope yanavyoziba mtaro. Mtu asiyekuwa na brashi laini na ratiba ya kusafisha asijidanganye na maji.

Hoja ya kimya

Wapo wanaotetea maji kwa hoja nzuri: studio inahitaji kimya, na feni ya kawaida inasikika kwenye mikrofoni. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Ni kweli, radiateri kubwa yenye feni zinazozunguka polepole inaweza kupunguza kelele. Lakini pompa nayo ina mngurumo wake, na hewa ikibaki ndani ya maji inatoa sauti ya mtungi unaomiminwa.

Dawa ya kimya iliyo rahisi zaidi inajulikana na fundi yeyote wa sauti: kompyuta ikae chumba cha pili. Tundu dogo ukutani, nyaya ndefu za skrini na kibodi, blanketi au godoro kuukuu kuzunguka tundu. Mikrofoni haitasikia feni isiyokuwemo chumbani. Gharama yake ni nyaya na nusu siku ya kazi ya mikono.

Na kuna ukweli mwingine ambao wauzaji wa mashine kubwa hawataki utajwe: kwa redio nyingi, kompyuta ya mkononi iliyotumika, yenye afya, inatosha. Ina betri yake ndani, inakula umeme mdogo, na siku ya hatari inaingia katika begi.

Si kwamba watu wa hapa hawastahili

Upande wa pili nao unahitaji kujibiwa. Wapo wanaocheka wakisikia kijana wa Bunia anataka kompyuta ya maji. Wanasema mambo hayo ni ya Ulaya, huku watu watosheke na makuukuu. Maneno hayo ni dharau, na hayana ukweli.

Ndani ya kompyuta yoyote kuna dhahabu iliyopakwa kwenye meno ya kumbukumbu na kwenye miguu ya soketi. Kuna tantali inayotokana na koltani, katika vipande vidogo vya kutunza chaji. Kuna bati katika risasi ya kulehemu, na bati hutokana na kasiteriti. Mtoto wa Ituri hahitaji kufundishwa dhahabu inachimbwaje, wala wa Masisi hahitaji kuambiwa koltani ina rangi gani. Nchi yenye madini hayo haiombi ruhusa ya kutumia mashine nzuri. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ni aibu mara mbili watu wake wakiuziwa takataka yenye taa, kwa bei ya mashine ya kweli.

Fundi wa video anayekata picha za 4K usiku kucha, mwenye prosesa kubwa, umeme wa kutegemewa na pesa yake mwenyewe, ana haki kamili ya kununua maji. Kijana anayetaka kujifunza ufundi huo naye ana haki. Wote wawili wanadaiwa ukweli, si nyimbo za sokoni.

Anayeamua kununua maji

Kwa kompyuta ya kwanza, aina iliyofungwa kiwandani ndiyo ya kuanzia: pompa, mipira na radiateri vimekuja pamoja na maji yake ndani. Hapa kuna mambo ya kuangalia kabla pesa haijatoka mkononi.

Kwanza, soketi. Kipoza lazima kije na vyuma vya kufungia kwenye soketi ya prosesa husika: AM4, AM5, LGA1700 au nyingine. “Kitaingia tu” si jibu.

Pili, kipimo. Radiateri ya 240 ni ya feni mbili za milimita 120, ya 360 ni ya feni tatu. Kasha lipimwe kwa rula, pamoja na unene wa feni. Radiateri ya feni moja ya 120 haina maana kubwa, maana kipoza kizuri cha hewa mara nyingi huipata au kuizidi.

Tatu, namna ya kuifunga. Hewa hupanda juu. Pompa isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, la sivyo hewa itakaa ndani yake nayo itazunguka kavu mpaka ife. Radiateri ikae juu ya kasha, au mbele huku kichwa chake kikiipita pompa kwa urefu.

Nne, isifunguliwe. Nyingi za aina hii zina bamba la shaba na radiateri ya alumini. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya kawaida, moja inaila nyingine. Kiwanda huweka dawa ya kuzuia jambo hilo. Fundi wa barabarani anayefungua na kujaza maji ya bomba amesaini cheti cha kifo cha mashine.

Anayejenga mzunguko wake mwenyewe, kipande kwa kipande, achague shaba, shaba nyeupe na nikeli tu, alumini ikae mbali. Viunganishi vilingane na mipira: mpira wa milimita 10 kwa 13 haufungwi na kiunganishi cha 10 kwa 16. Maji yawe ya kutengenezwa kwa kazi hiyo, au yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, pamoja na dawa ya kuzuia ukijani na kutu. Si ya kisima, si ya mvua, si ya chupa ya kunywa ambayo ina madini ndani. Na tahadhari kubwa: sokoni, maji ya kuongeza kwenye betri na asidi ya betri vinaweza kukaa meza moja, katika vidumu vinavyofanana. Anayekosea hapo atapoteza mashine na pengine macho.

Hata maji safi kabisa yakivuja si salama. Yakishapita kwenye metali yanachukua chembe zinazopitisha umeme. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huendesha pompa peke yake, ubao mama ukiwa haujapewa umeme, karatasi nyeupe zikiwa zimezungushwa kila kiungo, kwa saa 24. Saa 24 za umeme usiokatika. Studio ambayo haiwezi kupata hizo kwa ajili ya jaribio tu, imekwisha kujijibu yenyewe kama wakati wa maji umefika.

Kamati ijibu hadharani

Katika mambo haya kosa kubwa si la vijana. Ni la kamati zinazonunua kwa siri na kutangaza kwa shangwe. Mjumbe anasafiri, anarudi na kasha lenye taa, picha inapigwa, na hakuna anayeuliza.

Wasikilizaji wana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya ununuzi. Mashine hii itafanya kazi gani ambayo ya bei nusu haiwezi? Inakula wati ngapi, na betri iliyopo itaibeba saa ngapi? Pompa ikifa, nyingine inapatikana wapi, kwa siku ngapi? Feni ya milimita 120 ikifa, kipoza cha hewa kinafufuka kwa feni nyingine yoyote yenye kipimo kile. Pompa ya kipoza kilichofungwa ikifa, kipoza chote kimekufa. Na swali la nne: garanti inapokelewa na nani? Garanti ya miaka mitano iliyoandikwa katika mji ambao hakuna atakayeweza kurudi ni karatasi ya kufungia karanga.

Kamati ilete bei tatu zilizoandikwa, kutoka kwa wauzaji watatu, zisomwe hewani. Risiti ibandikwe mlangoni mwa studio. Anayeona ni usumbufu, asiguse pesa ya watu.

Na kwa wale ambao bado wanaona haya ni maneno ya kuwavunja moyo vijana, wafikirie siku ambayo kila mkazi wa Ituri anaijua. Risasi zinasikika upande wa pili wa mto, watu wanafunga mizigo. Hakuna atakayebeba kasha la kioo lenye maji juu ya pikipiki, katika njia ya mashimo, na mtoto mgongoni. Kinachobebwa ni diski ndogo iliyofungwa ndani ya kitenge. Redio iliyonunua diski hiyo kwanza itasema tena, hata kutoka chini ya hema, hata kwa kompyuta ya kuazima. Iliyonunua taa itaziacha zikiwaka nyuma yake, mpaka betri iishe.